Kuulegeza Mwili Wakati Moyo Unapotaabika

Somo hili ni la mtu ambaye amekuja hospitali mara tatu au nne, akapimwa damu, akapimwa mkojo, akasikilizwa kifua, na kila mara akaambiwa, "Hatuoni ugonjwa." Naye anarudi nyumbani na maumivu yake yale yale. Moyo unapiga mbio ingawa yeye hakukimbia. Kichwa kinabanwa kama kimezungushiwa kamba. Shingo na mabega ni kama ya mtu aliyebeba kuni mchana kutwa. Usiku analala saa mbili tu, kisha anaamka, macho makavu, akisikiliza kila sauti ya nje. Chakula hakina utamu. Anawakasirikia watoto kwa jambo dogo, halafu anakwenda kulia peke yake nyuma ya nyumba.

Mtu huyu hasemi uongo. Tunaposema hatuoni ugonjwa, maana yake ni kwamba darubini haikuonyesha mdudu wala kifua hakikutoa sauti mbaya. Darubini haiwezi kuonyesha huzuni. Lakini huzuni, hofu na mawazo mengi huingia mwilini kweli, na maumivu yake ni maumivu kweli.

Nalitaja jambo hili kwanza kwa sababu wengi wamehukumiwa vibaya hata ndani ya kanisa. Soma habari za Hana katika 1 Samweli sura ya 1. Mwanamke yule alikuwa hali chakula kwa uchungu wake, akaomba midomo ikicheza na sauti isisikike. Kuhani Eli, mtu wa Mungu, ameketi pale pale penye mwimo wa mlango wa hekalu, akamtazama akamdhania mlevi. Eli alisahihishwa na Hana mwenyewe, akamjibu kwa amani. Basi siku hizi mama akija na moyo unaoruka, huyu anamwambia, "Huna imani," na yule anasema, "Ni pepo," na mwingine anamtuma kwa mganga kutoa mbuzi. Afadhali tungemsikiliza kwanza, kama Eli alivyokuja kumsikiliza Hana.

Sasa tutazame namna mwili ulivyoumbwa.

Mungu aliuwekea mwili walinzi. Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Hatari ikija, ubongo unazipelekea habari kwa mishipa ya fahamu, nazo zinamwaga ndani ya damu maji yenye nguvu yaitwayo adrenalini. Hapo moyo hupiga kwa nguvu, pumzi huenda upesi, mdomo hukauka, tumbo huacha kazi yake, na damu huenda katika nyama za miguu na mikono. Kwa nguvu hiyo mama huweza kubeba watoto wawili pamoja na sufuria na kupanda mlima wote bila kupumzika. Wale waliotoka Goma usiku wa tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipotapika moto, wanajua. Wengi wao walisema baadaye, "Sijui nguvu zile zilitoka wapi." Zilitoka hapo.

Hatari ikiisha, mwili hupaswa kurudi polepole katika hali yake. Mbuzi akifukuzwa na mbwa hutetemeka kidogo, kisha anainama na kula majani. Lakini mtu hukumbuka. Na katika sehemu zetu za mashariki, tangu vita vya mwaka 1996, wengi hawakukimbia mara moja tu. Wamekimbia, wamerudi, wamejenga, wamekimbia tena. Mlinzi wa ndani hapati nafasi ya kulala. Hata vita vikinyamaza, yeye bado amesimama na mkuki wake, kwa maana hakuna aliyemwambia kwamba kumekucha. Kifuniko cha sufuria kinaanguka jikoni, na moyo unaruka kama umesikia risasi.

Si vita peke yake vinavyoleta jambo hili. Mjane ambaye ndugu za mumewe wanataka kumtoa katika shamba, baba asiye na kazi ambaye watoto wamefukuzwa shuleni kwa ajili ya karo, mgonjwa anayengojea kupasuliwa kesho asubuhi, mama aliyezika mtoto: wote wanaweza kuwa na mlinzi asiyelala.

Tena kuna jambo jingine la kufahamu, na hilo ndilo msingi wa somo hili. Nyama za mwili zikikazwa kwa muda mrefu, zenyewe zinapeleka habari kwa ubongo kwamba hatari ingaliko. Basi ubongo unaukaza mwili, na mwili unautisha ubongo, nao wanazunguka hivyo usiku kucha. Huwezi kuuamuru moyo upige polepole. Huwezi kuziamuru tezi zile zinyamaze. Ukijiambia, "Sasa nisiogope," mara nyingi unaogopa zaidi. Lakini milango miwili imebaki mikononi mwako: pumzi, na nyama za mwili. Mambo haya mawili yanakwenda yenyewe, tena unaweza kuyaongoza ukitaka. Kwa milango hiyo tunaweza kumfikia mlinzi na kumwambia aketi.

Jaribu sasa, kabla hujaendelea kusoma. Weka vidole viwili vya mkono mmoja juu ya kifundo cha mkono mwingine, upande wa kidole gumba, mpaka usikie mshipa unapiga. Vuta pumzi polepole, kisha itoe polepole zaidi. Watu wengi, hasa vijana, watasikia kwamba mshipa huenda upesi kidogo wakati wa kuvuta, na huenda pole wakati wa kutoa. Ndiyo sababu mtu anayelia sana huishia kwa kushusha pumzi ndefu, na baada ya hiyo anatulia. Mwili wenyewe unajua dawa hii. Sisi tunajifunza kuitumia kwa makusudi.

Njia hii ilitoka wapi? Lazima niseme wazi, kwa sababu najua maswali yatakayoulizwa siku ya Jumapili nje ya kanisa.

Desturi ya kulala chali na kuongozwa kwa sauti ya mtu, kiungo baada ya kiungo, inajulikana katika nchi nyingi kwa jina la yoga nidra. Ni maneno ya Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na nidra ni usingizi. Aliyeieneza sana ni Satyananda Saraswati, mwalimu wa dini ya Kihindu, ambaye alifungua shule yake mjini Munger katika jimbo la Bihar mwaka 1964, na kitabu chake juu ya jambo hili kilitoka mwaka 1976. Yeye mwenyewe alieleza kwamba aliipata katika ibada ya kale iitwayo nyasa. Katika ibada hiyo watu walitaja viungo vya mwili kimoja kimoja, na juu ya kila kiungo waliweka maneno matakatifu ya dini yao. Satyananda aliyaondoa maneno yale, akabakiza kutaja viungo tu, ili watu wa kila dini waweze kuitumia. Baadaye Mmarekani Richard Miller aliigeuza tena, na hospitali ya jeshi iitwayo Walter Reed, huko Washington, ikaijaribu kwa askari waliorudi vitani na ndoto mbaya.

Basi, Mkristo afanye nini na kitu chenye historia ya namna hii? Paulo alikutana na swali kama hilo juu ya nyama zilizotolewa kwa sanamu, soma 1 Wakorintho sura ya 8. Alisema mambo mawili, na yote mawili tuyashike. Sanamu si kitu. Tena ndugu aliye dhaifu asikwazwe. Mimi nasema hivi: kulala chali si ibada, na kutaja bega si kuliomba bega. Hatutumii maneno ya Kihindu, hatutumii jina la yoga, hatuimbi wala kuita roho yo yote, wala hatumwambii mtu aifanye akili yake kuwa tupu. Tunautuliza mwili ambao Mungu aliuumba. Lakini kama dhamiri yako bado inakuchoma, usilazimishwe. Iko njia ya pili ambayo haikutoka katika dini yo yote. Daktari Edmund Jacobson wa Chicago alichunguza nyama za mwili kwa vyombo vya umeme, akaona kwamba mtu mwenye wasiwasi hukaza nyama zake bila kujua. Akawafundisha wagonjwa kukaza nyama kwa makusudi, kisha kuziachilia, wapate kujua tofauti. Kitabu chake kwa waganga kilitoka mwaka 1929. Fanya hiyo peke yake, nayo inatosha. Hapa chini nimeziweka njia mbili pamoja, ya Jacobson kwanza.

Wengine watasema, "Maombi yanatosha, hatuhitaji mazoezi." Ndugu, tazama Elia katika 1 Wafalme sura ya 19. Nabii huyu alikimbia kwa ajili ya maisha yake, akaketi chini ya mti jangwani akaomba afe. Malaika alipokuja hakumhubiri wala hakumkemea kwa kukosa imani. Alimgusa, akampa mkate na maji. Elia akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili, akala tena. Swali la Mungu lilikuja baadaye, kule mlimani, mwili ulipokuwa umepata nguvu. Sioni aibu kumtuliza mgonjwa kwanza, na kuzungumza naye habari za roho yake halafu.

Je, njia hii inasaidia kweli? Inasaidia, lakini si muujiza. Waganga wameijaribu katika nchi nyingi, wakaona kwamba wasiwasi unapungua kwa wengi na usingizi unakuja vema zaidi. Lakini kwa wengine inapungua kidogo tu. Karibu na kwetu Shirika la Afya Duniani lilijaribu mafundisho yanayofanana na haya, yenye pumzi na kuutuliza moyo, katika makimbilio ya Rhino Camp, kaskazini ya Uganda. Wanawake 694 waliokimbia Sudani Kusini waliandikwa. Waliofundishwa walikutana mara tano, wakasikiliza sauti iliyonaswa, wakiongozwa na watu wa kawaida ambao hawakuwa waganga. Miezi mitatu baadaye taabu yao ya moyo ilikuwa imepungua kuliko ya wale ambao hawakufundishwa hivyo. Habari hiyo ilichapwa mwaka 2020. Naipenda kwa sababu moja: inaonyesha kwamba mama wa kanisa anayejua kusoma vizuri anaweza kuwaongoza wenzake. Haihitaji mashine wala umeme.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Chagua saa ambayo hutaitwa. Jioni baada ya kazi ni nzuri, lakini si mara tu baada ya kushiba bugali, maana tumbo litakusumbua. Tandika mkeka, jifunike kikwembe au blanketi, kwa sababu mwili ukitulia hupata baridi. Mama mwenye mimba kubwa asilale chali; alale ubavu wa kushoto, na nguo iliyokunjwa kati ya magoti. Mama mwenye mtoto mchanga amlaze kando yake. Dakika ishirini zinatosha.

Mtu mmoja asome, wengine wasikilize. Msomaji atumie sauti yake ya kawaida, ile anayotumia kumwambia mtoto kwamba maji ya kuoga yako tayari. Asiimbe, asinong'one, asitumie sauti ya mimbarani. Na hapa nawaambia wainjilisti wenzangu, maana najua udhaifu wetu: usihubiri katikati. Omba kwa kifupi mwanzoni, na ukitaka omba tena mwishoni. Kati ya maombi hayo mawili taja viungo, basi. Mtu akiwa amelala hivyo, neno linaingia bila yeye kulipima. Si haki kumwekea mafundisho wakati ambapo hawezi kukuuliza swali.

Penye nukta tatu, ngoja pumzi mbili kabla ya kuendelea.

"Lala chali. Miguu iachane kidogo, mikono iwe kando ya mwili, viganja vitazame juu. Fumba macho. Kama hupendi kufumba, yaache wazi, tazama mahali pamoja juu... Hakuna kazi ya kufanya sasa. Sikiliza sauti za mbali, mbwa, pikipiki, mvua. Usizifuate, usizifukuze... Sikiliza sauti za karibu, ndani ya chumba hiki... Sasa sikiliza pumzi yako mwenyewe...

"Kunja ngumi ya kuume. Kaza, usikie nyama mpaka kiwiko. Sasa achilia, mkono uanguke... Kunja ngumi ya kushoto, kaza. Achilia... Inua mabega mawili mpaka karibu na masikio, kaza. Yaachilie yashuke... Kunja uso wote kama umeonja ndimu. Achilia. Meno yasigusane... Kaza tumbo kama mtu anataka kukupiga. Achilia... Kaza mapaja na miguu yote miwili, vidole vikielekea kwako. Achilia...

"Sasa usikaze tena. Nitakapotaja kiungo, wewe kipelekee fikira zako tu, kisha niache nikupeleke mbele. Mkono wa kuume: kidole gumba, kidole cha pili, cha tatu, cha nne, kidole kidogo. Kiganja. Mgongo wa mkono. Kifundo. Kiwiko. Bega. Kwapa. Ubavu wa kuume. Kiuno. Paja. Goti. Nyuma ya goti. Kifundo cha mguu. Kisigino. Wayo. Vidole vyote vya mguu wa kuume... Mkono wa kushoto: kidole gumba, kidole cha pili, cha tatu, cha nne, kidole kidogo. Kiganja. Mgongo wa mkono. Kifundo. Kiwiko. Bega. Kwapa. Ubavu wa kushoto. Kiuno. Paja. Goti. Nyuma ya goti. Kifundo cha mguu. Kisigino. Wayo. Vidole vyote vya mguu wa kushoto... Mgongo wote, kutoka kiuno mpaka shingo... Kisogo, pale kinapogusa mkeka. Paji la uso. Jicho la kuume, jicho la kushoto. Pua. Midomo. Taya. Koo. Kifua. Tumbo...

"Mwili wote ni mzito. Ni mzito kama gunia la mihogo lililotuliwa chini baada ya safari. Mkeka unalibeba, wewe hulibebi tena...

"Sasa hesabu pumzi zako, kutoka kumi kurudi nyuma. Natoa pumzi, kumi. Natoa pumzi, tisa. Pumzi inayotoka iwe ndefu kuliko inayoingia. Usiizuie ndani. Ukisahau hesabu, rudi kumi, hapa hakuna mtihani..."

Hapo msomaji anyamaze dakika mbili au tatu. Mwenye kusinzia asiamshwe. Walimu wa India hutaka mtu abaki macho kati ya usingizi na kukesha, lakini sisi tunao watu ambao hawajalala wiki nzima. Usingizi ukimjia mmoja wao, tunamwachia. Kisha:

"Sikia tena pumzi yako. Sikia mkeka chini yako. Sogeza vidole vya mikono, sogeza vidole vya miguu. Kumbuka uko wapi, leo ni siku gani. Geuka ubavu. Kaa kwanza. Baada ya kukaa, simama pole."

Neno la kukaa kwanza si la adabu tu. Mtu aliyetulia hivyo akiruka ghafula, damu hushuka kichwani, naye huweza kuanguka.

Katika mafundisho ya Satyananda kuna sehemu nyingine ambayo msomaji hutaja picha, moja baada ya nyingine: mto, mlima, mshumaa, njia ya msitu. Sisi tunaiacha. Ukimwambia mtu aliyelala, "Waza mto," hujui ni mto gani unaomjia. Wako watu kati yetu ambao waliona katika mto mambo ambayo hawajayataja kwa kinywa mpaka leo. Kidole gumba hakina kumbukumbu nyingi. Ndiyo maana tunakaa katika vidole.

Kwa sababu hiyo hiyo, angalia sana mwanamke au mwanamume aliyetendewa jeuri mwilini. Kulala chali na macho yamefumbwa, na mtu amesimama juu yake, kunaweza kumrudisha katika siku ile. Basi aketi, mgongo ukutani, mahali anapouona mlango, macho wazi. Mwanamke aongozwe na mwanamke. Asiguswe na mtu ye yote, hata kwa kumbariki. Afanye mikono na pumzi tu, na akisema, "Imetosha," imetosha. Akianza kutetemeka au kulia sana, acha kusoma viungo. Mwite kwa jina lake, mwambie afungue macho, akanyage sakafu kwa nguvu, ataje vitu vitano anavyoviona chumbani. Kama jeuri hiyo ilitendeka na siku tatu hazijapita, asingoje somo lo lote. Aje hospitali leo hii, kwa maana iko dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi, nayo haifai ikichelewa.

Kuna wengine ambao somo hili si lao kwa sasa. Anayesikia sauti za watu wasioonekana, au asiyelala siku nyingi naye ana nguvu na maneno mengi kupita kiasi, aletwe kwa mganga kwanza. Na mtu ye yote mwenye moyo unaopiga mbio apimwe kabla ya kuanza. Upungufu wa damu hufanya hivyo, homa hufanya hivyo, ugonjwa wa tezi ya shingo na ugonjwa wa moyo wenyewe hufanya hivyo. Itakuwa vibaya kumlegeza mtu ambaye anahitaji kuongezewa damu. Anayekunywa dawa za kifafa, za shinikizo la damu au za akili asiziache kwa sababu amejifunza kupumua.

Juu ya vidonge nina neno moja zaidi. Sokoni wanauza Valium kwa kidonge kimoja kimoja, bila karatasi ya daktari. Siku za kwanza unalala vizuri. Baada ya majuma machache mwili umekizoea, unataka viwili, halafu vitatu. Na aliyevizoea akiacha ghafula anaweza kushikwa na degedege. Kama wewe umekwisha kuvizoea, usivitupe leo. Njoo, tutavipunguza pamoja kidogo kidogo. Kanyanga na lutuku ni hivyo hivyo. Zinamlaza mtu saa ya kwanza ya usiku na kumwamsha saa nane akiwa na hofu kubwa kuliko ile aliyolala nayo.

Lakini nisikudanganye juu ya zoezi lenyewe. Halirudishi shamba la mjane. Halilipi karo. Mtoto aliyezikwa amezikwa. Mlinzi wa ndani akiketi, unapata saa chache za usingizi na akili iliyotulia kidogo, na kwa hizo unaweza kwenda kwa chifu, au kwa mashemasi, au kwa shangazi yako, ukaseme shida yako tangu mwanzo mpaka mwisho bila kupotewa na maneno. Na kanisa lisimwambie mjane, "Nenda ukapumue," huku wazee wake wanakaa meza moja na wale wanaomnyang'anya.

Kama kuna mtu nyumbani kwako anayesema, "Afadhali nife," muulize wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo. Mara nyingi anashukuru kwamba hatimaye mtu ameuliza. Usimwache peke yake. Ondoa kamba, na dawa ya kuua wadudu wa shambani. Mlete. Ikiwa taabu ni kubwa kuliko nguvu zetu hapa, Bukavu iko Sosame, na Goma iko Tulizo Letu, nyumba za wagonjwa wa akili chini ya Mabruda wa Upendo. Ni Wakatoliki, ndiyo. Msamaria naye hakuwa wa kanisa la yule aliyeanguka njiani, na mtu yule hakukataa mafuta yake.

Fanya zoezi hili kila siku kwa majuma mawili kabla ya kusema linafaa au halifai. Siku ya kwanza wengi hucheka, au huwashwa pua. Siku ya tatu au ya nne utaona, labda ukiwa unachota maji, kwamba mabega yako yamepanda tena mpaka masikioni. Nawe utayashusha pale pale penye bomba, bila mkeka na bila msomaji.

Maswali ya darasa

Eli alikosea nini alipomwona Hana, na nani katika kusanyiko letu anaonekana kama mlevi kumbe ana uchungu?

Weka vidole juu ya mshipa wa mwenzako. Ukienda upesi, anavuta pumzi au anaitoa?

Kwa nini msomaji asihubiri katikati ya zoezi?

Nani katika mtaa wenu anajua kusoma kwa sauti ya kawaida, na akina mama wanaweza kukutana kwake siku gani?